Klachi na Giaboksi ya Pikipiki Kuukuu: Jua Ugonjwa Kabla ya Kufungua Injini

(Mazungumzo ya fundi mmoja, mwanachama wetu, mbele ya wanachama waendeshao pikipiki za abiria na mizigo.)



Halmashauri imeniomba niseme juu ya klachi na giaboksi ya pikipiki iliyokwisha tumika. Nimekubali kwa furaha, maana mashauri mengi yaletwayo ofisini mwetu na madereva wa pikipiki si ya ajali wala ya polisi. Ni ya pesa za matengenezo. Dereva hupewa pikipiki na tajiri, naye hupeleka hesabu kila jioni. Siku moja klachi yafa barabarani. Tajiri asema, "Wewe ndiwe uliyeiunguza, na wewe utalipa." Dereva hana neno la kujibu, kwa sababu hajui mle ndani mna nini. Na yule aliyejinunulia pikipiki kuukuu kwa mkopo hana nafuu, ila yeye hubanwa na muuzaji na fundi badala ya tajiri.

Basi leo sitaki kuwageuza ninyi nyote kuwa mafundi kwa saa moja. Nataka kila mtu aweze kuisikiliza pikipiki na kusema, "Ugonjwa uko hapa," kabla hata nati moja haijafunguliwa.

Kwanza jueni vitu hivi viwili vinafanya kazi gani. Pikipiki nyingi za kazi hapa Kenya, Boxer, TVS, Honda, na zile za Kichina zilizoiga injini ya Honda CG125, zina klachi ya namna moja. Hukaa upande wa kulia wa injini, nayo huogelea ndani ya oili. Fikirini sahani zilizopangwa kama chapati: moja ina ngozi ngumu ya kushika pande zote mbili, inayofuata ni chuma kitupu, kisha ya ngozi tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Sisi mafundi twaziita pleti. Pleti za ngozi zimeshikwa na bakuli linalozungushwa na injini. Pleti za chuma zimeshikwa na kitovu kilichovikwa kwenye shafti ya giaboksi. Springi, mara nyingi nne, zazibana zote pamoja, ndipo nguvu ya injini inapopita kwenda kwenye gia. Ukivuta mkono wa klachi, kebo huvuta, springi husukumwa ziache kuzibana pleti, na kila pleti huzunguka kivyake.

Giaboksi nayo watu wengi huidhania vibaya. Hudhani kwamba kubadili gia ni kuchomeka meno katika meno. Sivyo. Magurudumu yote ya meno yameshikana wakati wote, hata pikipiki ikiwa frii. Kinachotokea ni kwamba gurudumu moja husukumwa pembeni na kitu kama uma, mpaka pembe zilizotokeza ubavuni mwake ziingie katika matundu ya gurudumu lililo jirani. Zishikeni hizo pembe akilini, maana tutazirudia.

Na jambo la tatu: oili ni moja tu. Ile ile inayolainisha pistoni ndiyo inayoogesha klachi na gia. Kwa hiyo oili mbaya huumiza vitu vitatu kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwenye magonjwa. Klachi ina magonjwa mawili, nayo ni kinyume kabisa: kuteleza, na kutoachia. Mtu asiyeyatofautisha atanunua spea isiyohitajiwa.

Klachi inayoteleza utaijua mlimani. Umepakia magunia mawili ya viazi, unapanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, unaongeza moto, injini inalia kwa nguvu lakini pikipiki haiongezi mwendo. Huenda ukasikia na harufu ya kuungua. Kama huna mlima karibu, ijaribu mahali tambarare: weka gia ya juu ukiwa bado unakwenda polepole, kisha fungua moto kwa ghafla. Pikipiki nzima itasita na kuvuta kwa uzito. Iliyokwisha itapiga resi kama mtu asiyeshika kitu. Gia za chini haziwezi kukuonyesha hivyo upesi, kwa maana klachi haibebi uzito mkubwa huko.

Klachi isiyoachia ni mambo mengine. Umevuta mkono mpaka mwisho, nayo pikipiki yataka kwenda. Unaweka gia ya kwanza, inagonga "kah!" na kuruka mbele. Umesimama kwenye taa, unatafuta frii wala huipati. Ukizima injini, frii yaingia mara moja bila taabu. Hapo ndipo watu wanapodanganywa. Fundi husema, "Giaboksi imekufa." Lakini gia ambazo zaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, na zaingia kwa shida ikiwa inanguruma, kwa kawaida si gia zenye kosa. Ni klachi inayoendelea kuvuta wakati imeambiwa iache. Kipimo hicho hakina gharama hata senti, nacho kimeokoa pesa nyingi. (Asubuhi ya kwanza ya siku msihesabu: pleti hushikamana kidogo kwa oili baridi, hata katika pikipiki nzima.)

Haya, sababu ni nini? Anzeni nje, kila mara. Shikeni ncha ya mkono wa klachi, mwuvute polepole. Kuna sehemu ya mwanzo ambayo mkono waenda bila kuvuta kitu. Ulegevu huo, kwa pikipiki nyingi za namna hii, huwa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Kitabu cha mtengenezaji kitaeleza kwa yako. Ulegevu ukiwa haupo kabisa, kebo yavuta springi wakati wote, na klachi yateleza ingawa pleti ni mpya. Ulegevu ukizidi, ukivuta mpaka mwisho hujafika, na klachi haiachii. Ninyi mwaona: magonjwa yote mawili yaweza kutoka kwenye nati moja ya kurekebishia kebo. Kisha tazameni kebo yenyewe. Nyuzi zikiwa zimekatika mbili tatu kwenye kichwa, au kebo imekunjwa vibaya baada ya kuanguka, badilisheni. Kebo ni rahisi kuliko gharama ya kusukuma pikipiki usiku kutoka Kitengela.

Baada ya kebo, oili. Motokaa nyingi zina klachi kavu, kwa hiyo oili yao haikuundwa kwa ajili ya pleti zinazoogelea. Ile inayosifiwa kwa kupunguza matumizi ya petroli yaweza kuwa na dawa ya kutelezesha, na dawa hiyo huingia katika ngozi za pleti. Tafuteni kwenye kopo herufi JASO MA au MA2. Hiyo ndiyo alama ya oili iliyopimwa kwa klachi ya pikipiki. Kopo lisilo na alama hiyo, hata kama muuzaji aapa, mwacheni nalo.

Neno moja la nje kabla ya kwenda mbele. Cheni iliyolegea na sproketi iliyochongoka kama meno ya msumeno huruka chini ya mzigo, na dereva husema, "Gia inachomoka." Tazameni cheni kwanza. Nimeona pikipiki ikipelekwa kufunguliwa injini na cheni yake inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Ikiwa kebo ni sawa, oili ni sawa, na bado klachi inateleza, basi sasa yafaa kufungua. Kazi hiyo si ya kutisha, wala injini haitoki kwenye fremu. Mwaga oili ingali vuguvugu. Ondoa mkono wa kiki, fungua kebo, kisha bolti za kifuniko cha kulia. Bolti hizo hazilingani urefu. Chukua kipande cha katoni, chora umbo la kifuniko, na kila bolti uichomeke mahali pake. Ukichanganya, ile ndefu itasukuma mwisho wa tundu na kupasua aluminiamu. Kifuniko kikikataa kutoka, kigonge kwa mpini wa nyundo wa mti. Usichomeke bisibisi katikati, maana kila mkwaruzo utavuja oili.

Ndani utaona bolti nne zenye springi. Zilegeze kidogo kidogo kwa kupishana, kama unavyofungua nati za gurudumu la motokaa. Katika injini za namna ya CG125 kuna nati ya katikati yenye mikato minne, ambayo lazima itoke kabla pleti hazijatoka. Nati hii ina soketi yake maalum, na soketi hiyo hupatikana madukani Kirinyaga Road kwa bei isiyozidi akili. Mafundi wengi hawana. Huipiga kwa tindo na nyundo. Ukiona fundi anashika tindo mbele ya klachi yako, mwambie asimame, Bwana, maana vipande vya chuma vitaanguka ndani ya oili, na nati iliyoliwa haitakazwa tena sawasawa.

Pimeni pleti za ngozi kwa venia. Katika injini hizi pleti mpya huwa karibu milimita 3. Ikishuka kukaribia 2.6 imekwisha. Pleti za chuma zilazeni juu ya kioo kinene: ikicheza, imepinda. Rangi ya bluu maana yake ni moto mkali. Springi zilinganisheni na mpya kwa kuzisimamisha pamoja mezani. Zilizochoka huwa fupi. Badilisheni zote nne, si moja. Kisha tazameni vidole vya bakuli, pale ambapo pleti za ngozi hugonga. Kwa miaka mingi zile pleti hujichimbia ngazi katika vidole. Pleti ikiingia katika ngazi haiwezi kuteleza kando, na klachi haiachii hata ukirekebisha kebo siku nzima. Ngazi ndogo yaweza kusawazishwa kwa tupa, polepole, pande zote sawa. Ngazi yenye kina yataka bakuli jipya.

Hizo ngazi na hiyo bluu si mambo ya ufundi tu, ndugu zangu. Ni ushahidi. Mwaka jana tulipata shauri la dereva mmoja wa upande wa Kiambu. Alikuwa ameichukua pikipiki ya tajiri kwa wiki sita tu. Klachi ilipogoma, tajiri aliipeleka gereji, akamletea dereva hesabu ya giaboksi nzima, na akakata pesa hizo katika mapato yake. Sisi tuliomba jambo moja: tuone vyuma vilivyotolewa. Vilipoletwa, pleti zilikuwa nene bado, wala hazikuwa na bluu. Magurudumu ya gia hayakuwa na kosa la kuonekana kwa jicho. Lakini vidole vya bakuli vilikuwa vimechimbika kiasi cha kuingiza ukucha wote. Wiki sita haziwezi kuchimba hivyo. Uchakavu ule ulikuwa wa miaka, kabla dereva huyu hajaiona pikipiki. Tajiri hakuwa mtu mbaya. Yeye naye alikuwa amedanganywa na gereji. Alirudisha pesa.

Hata hivyo tuseme kweli. Zikiletwa pleti zilizo nyembamba, nyeusi, zenye harufu, na za chuma zimekuwa bluu, na pikipiki ilikuwa nzima mwezi uliopita, basi kuna mtu aliyekuwa akipanda mlima huku vidole vimelala juu ya mkono wa klachi, au akiishikilia pikipiki kwa klachi kwenye mwinuko akingojea abiria. Hapo chama hakiwezi kumtetea kwa maneno matupu. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila dereva anapokabidhiwa pikipiki, aijaribu pamoja na tajiri, na waandike hali ya klachi na gia katika karatasi yenye sahihi za wote wawili. Tena fundi akibadilisha chochote, dereva ashike vyuma vya zamani mkononi. Visitupwe mpaka shauri la malipo limekwisha.

Wakati wa kurudisha, pleti mpya za ngozi zilowesheni katika oili usiku mzima, maana pleti kavu huungua katika dakika za kwanza. Bolti nne zikazwe kwa kupishana, kwa mkono wenye huruma. Ni bolti za milimita 6, zashika katika aluminiamu, na kuzivunja ni rahisi kuliko kuzitoa. Gasketi iwe mpya. Kisha rekebisheni ulegevu wa kebo upya, kwa kuwa pleti nene zimebadilisha vipimo.

Sasa giaboksi. Nayo ina dalili zake ambazo klachi haina. Ya kwanza ni gia kuchomoka. Unakwenda gia ya pili, unaongeza moto, na ghafla yaruka kuwa frii. Ikiwa ni gia ile ile moja kila mara, pembe zake zimeviringika, au uma wake umepinda au kulika. Ikiwa kila gia yachomoka ovyo, tafuteni kwanza kitu kinachoishika gia mahali pake, yaani kimkono chenye kigurudumu na springi ndogo.

Dalili ya pili: pedali ya gia imekanyagwa na hairudi, au gia haziingii kabisa baada ya kuanguka. Tazameni kama pedali imepinda na kugusa injini, au meno yake yamekwisha kwenye shafti, yanazunguka bure. Kisha fikirini springi ya kurudisha shafti.

Na hapa, ndugu zangu, sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kimkono kile cha kigurudumu, springi ya kurudisha, na chuma kinachosukuma gia, katika injini nyingi ndogo za namna hii, vyote vimekaa nyuma ya klachi, chini ya kifuniko kile kile cha kulia. Havimo ndani ya giaboksi yenyewe. Hufikiwa bila kupasua injini katikati. Springi iliyovunjika ni kitu cha bei ndogo, na kazi yake ni ya nusu siku. Kwa hiyo fundi akisema "lazima injini ishuke," mwulizeni: umetazama nyuma ya klachi?

Dalili ya tatu ni sauti. Pikipiki imesimama, iko frii, injini inanguruma, na kuna mvumo. Vuta mkono wa klachi. Mvumo ukitoweka, basi ni beringi ya shafti ya giaboksi, kwa kuwa ukivuta klachi shafti hiyo husimama. Mvumo ukiendelea vile vile, tafuta kwenye injini. Ukiwa barabarani, mlio unaosikika katika gia moja tu ni wa meno ya gia hiyo. Unaosikika katika zote, yaelekea ni beringi.

Dalili ya mwisho imo katika oili. Mimina oili ya zamani katika karai safi na uigeuze juani. Vumbi laini la kijivu si ajabu. Nyuzi nyeusi ni ngozi ya klachi. Lakini ukipata vipande unavyoweza kushika kwa vidole, vipitishie sumaku. Visivyoshikwa ni aluminiamu. Vinavyoshikwa ni chuma, na kipande chenye pembe kali huenda ni jino. Siku hiyo usiiwashe tena pikipiki, hata kama abiria anapiga simu. Jino moja lililolegea laweza kuingia kati ya magurudumu mawili na kupasua kasha lote.

Kupasua injini ni kazi ya gereji yenye pula ya kung'oa sumaku ya umeme, meza safi na mwanga. Sitaieleza yote hapa. Ninyi mjue ya kuagiza tu: magurudumu mawili yanayofanya kazi pamoja yabadilishwe pamoja, kwani jino jipya juu ya jino lililolika halidumu, kila wosha na kila klipu irudi mahali ilipotoka, na kabla ya kufunga kasha, fundi azungushe shafti kwa mkono mbele yenu na kuingiza gia zote, moja mpaka ya mwisho na kurudi. Asiyekubali kuonyesha hilo, msimlipe salio.

Kuna aliyeniuliza kabla ya kikao kuhusu kununua. Jibu langu ni kwamba nendeni asubuhi, injini ikiwa baridi, na mguse injini kwa mkono. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hamjafika ana sababu. Angalieni logibuku na namba ya injini. Kisha ombeni kupanda mlima na mtu nyuma. Jaribuni kila gia kwa kuongeza moto na kwa kuuachia ghafla, kwa maana pembe zilizolika huweza kuchomoka wakati wa kuongeza au wa kuachia. Muuzaji akikataa mlima, mmekwisha jibiwa.

Sasa tutoke nje. Pikipiki iko chini ya mti, kifuniko cha kulia kimekwisha ondolewa, na juu ya gazeti nimeweka pleti za aina tatu: mpya, zilizokwisha, na zilizoungua. Zipitisheni mikononi bila kuangalia alama nilizoandika nyuma, na kila mtu aniambie ni zipi.